Hatua Moja Aliyoomba Sista

Kinanda chetu cha zamani kilikufa kioo miaka mingi kabla ya kufa chenyewe. Doa jeusi lilianza pembeni, kama wino uliomwagika, likatambaa mwaka hadi mwaka mpaka likazimeza namba zote. Sikuhangaika. Mdundo wa rumba ulikuwa kitufe cha pili mara tatu, na waltz ulikuwa kitufe hichohicho mara tano. Vidole vyangu viliijua njia kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwake umeme ukikatika.

Mimi nilipiga, Shangazi akaimba. Bendi yetu ilikuwa watu wawili tu. Jumamosi tulialikwa kwenye arusi, kwenye sherehe za kuagana kazini, mara moja hata kwenye ufunguzi wa duka la vigae. Siku nyingine zote mimi nilifundisha hesabu sekondari, na yeye alikuwa fundi cherehani katika chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka chini, na pazia ambalo wateja hujipimia nyuma yake. Kinanda kilikaa humohumo, chini ya dirisha, kimefunikwa kwa kipande cha shuka. Tulifanya mazoezi katikati ya nguo za watu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Ana miaka sitini na miwili, ni mrefu, na huzungumza huku ameshika pini kati ya midomo bila kuzimeza wala kupoteza neno. Alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo sikuwahi kuiona kwa fundi mwingine. Mteja akileta gauni lililombana, Shangazi hakumwambia kwamba amenenepa. Alikishika kitambaa, akakivuta huku na huku, akasikitika.

"Vitambaa vya siku hizi!" angesema. "Kimesinyaa. Kimefuliwa kwa maji ya moto, eti?"

"Labda," mteja angejibu, akiwa amefarijika.

"Niachie mpaka kesho."

Mteja akishatoka, aliufumua mshono, akaitoa akiba ya kitambaa aliyokuwa ameiacha ndani tangu siku ya kwanza, akashona upya. Kwenye daftari lake vipimo vilibaki vilevile vya zamani. Kulikuwa na wanawake mtaani waliokuwa na kiuno kilekile kwa miaka ishirini, kwenye daftari la Shangazi tu.

Kwa wateja alikuwa na huruma hiyo. Kwenye uimbaji hakuwa nayo hata chembe. "Sauti ni mtu," alikuwa akisema. "Ukiiona imeshuka, ujue na mwenyewe ameshuka." Jambo aliloringia kuliko yote maishani, kuliko nyumba aliyojenga kwa mikono yake, ni kwamba aliimba juu palepale alipoimba akiwa msichana.

Zamani tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa muuguzi wa hospitali ya hapa mjini, rafiki wa Shangazi tangu wakiwa wasichana. Kila mtu alimwita Sista. Yeye na Shangazi ndio waliotunga wimbo wetu wa kufungia, juu ya mtu aliyeacha taa ikiwaka akimngoja mwenzake. Ubeti wa tatu unapanda, unapanda, mpaka kwenye neno "rudi," na hapo sauti zote mbili zilikutana juu kabisa na watu wakaacha kula.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, katika mazoezi ya Ijumaa moja, Sista alifika kwenye neno hilo sauti ikamkatika. Akajaribu tena. Ikakatika tena. Akacheka, akajigusa koo.

"Fundi, tushusheni kidogo," alimwambia Shangazi. "Hatua moja tu. Umri huu, mwenzangu."

Shangazi alikuwa anapiga pasi. Hakuinua hata macho.

"Wimbo haushuki, Sista. Ukishuka wewe, shuka peke yako."

"Hatua moja, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Leo moja, kesho mbili, keshokutwa tunaimba kama vyura wa mtaroni."

Sista akanigeukia mimi. Nakumbuka alivyonitazama, kwa urahisi, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Kinanda kilikuwa na kitufe cha kazi hiyo, kulia, chini ya swichi ya kuwashia. Ukikibonyeza mara moja wimbo wote unashuka hatua moja, na wewe unaendelea kupiga vilevile. Kioo kilikuwa kimekwisha kufa. Ningebonyeza, Shangazi asingejua kamwe.

Nikatazama vidole vyangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nimesoma mpaka chuo, nafundisha watoto wa watu, lakini mbele ya Shangazi nilikuwa bado yule mtoto aliyemlea na kumlipia shule. Nikasema, "Shangazi ndiye mwenye bendi."

Sista alichukua mkoba wake. Hakurudi tena. Wakikutana njiani walisalimiana na kuulizana habari za nyumbani, basi.

Miezi minne baadaye Shangazi aliugua kifua. Alipopona, tukafanya mazoezi, na kwenye "rudi" sauti yake ikatoa mlio kama mlango unaodai mafuta. Hakunitazama. Uso alioufanya siku ile sikuwahi kuuona kwake. Nami, kabla sijafikiri, nikapeleka kidole kulia, nikabonyeza mara moja.

"Tuanze tena," nikasema. "Nilikosea mimi."

Akaimba, akafika. "Umeona?" alisema. "Ilikuwa kikohozi tu."

Baada ya miaka mitatu nikabonyeza tena. Kisha tena. Kisha ya nne. Kila mara nilichagua wakati ambapo ametoka kuugua au amechoka, ili akifika ajione amepona. Nilijiambia nimejifunza huruma hiyo kwake mwenyewe, kwenye magauni. Ni kweli pia. Lakini aliyeomba kwanza hakuwa yeye.

Mwaka huu kinanda kile kikaanza kujizima chenyewe katikati ya wimbo. Karani wa hospitali alikuwa amekwisha kutualika: Sista anastaafu, wanataka muziki. Hakujua lolote la nyuma. Nilidhani Shangazi atakataa, lakini alikubali kabla karani hajamaliza kueleza.

"Nitamwimbia," aliniambia. "Tena palepale aliponiachia. Aone."

Basi nikanunua kinanda kipya.

Nitasema ukweli, kwa siku mbili nilikuwa kama mtoto. Nilikibeba peke yangu kutoka kwenye gari mpaka ndani, kilivyokuwa chepesi. Vibao vyake havikuwa na manjano ya meno ya mnywa chai kama vya kile cha zamani, na ukivigusa taratibu vinasema taratibu, ukivigonga vinajibu kwa hasira. Gita lake lilikuwa na mkwaruzo wa kidole kuteleza kwenye waya. Ngoma zilipigwa kwa brashi, nikasikia kila unywele wake. Tarumbeta zilivuta pumzi kabla ya kulia. Besi iliingia kifuani kupitia kiti. Nilikaa kwenye chumba cha Shangazi, cherehani zimenyamaza, nikapiga nyimbo zetu zote moja baada ya nyingine, nikajihisi nimekuwa nikila kwa miaka ishirini na mafua puani.

Kisha tukaanza mazoezi, na mambo madogo yakajitokeza. Kile cha zamani, ukibadilisha sauti, tuseme kutoka piano kwenda filimbi, kilikata kwanza. Ulikuwa ugonjwa wake, kimya kifupi kama kupepesa kope. Bila kupatana, Shangazi alikuwa amezoea kuvuta pumzi hapohapo. Hiki kipya hakikati. Filimbi inaingia piano ikiwa bado haijatoka.

"Mwanangu, kidude hiki hakipumui?"

"Hakikatiki, Shangazi. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri wake utaniua. Kiambie kuna binadamu hapa."

Nikajifunza kuinua mikono makusudi, kukitengenezea kinanda kizuri ugonjwa wa kile kibovu. Mara nyingine nilisahau, na Shangazi akafika mwisho wa mstari akihema kama aliyepanda ngazi na mzigo.

Lakini kioo! Kilikuwa kikubwa kama kitabu, chenye rangi, na kiliweza kuonyesha maneno ya wimbo. Shangazi alikuwa ameanza kusahau beti, hasa ule wa tatu, na hilo lilimtia hofu kuliko alivyokiri. Niliyaandika maneno yote kwa herufi kubwa. Nikamwambia asimame kando yangu badala ya kusimama mbele. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alikuwa anakitazama kinanda upande ninaoutazama mimi.

"Herufi kubwa kama za duka la dawa," alisema, akafurahi. Kisha akainama. "Na hii ya rangi ya chungwa hapa juu? Nne, na kakistari mbele yake."

Nilikuwa nimeitafuta njia ya kuificha namba ile kwenye kitabu cha maelezo, ukurasa kwa ukurasa, nisiipate. Kinanda kipya husema kweli. Ukishusha, kinasema umeshusha, na kinasema kwa rangi.

"Namba ya mdundo," nikajibu.

"Ah. Nilidhani ni kama kwenye friji, kinatuambia baridi." Akavaa miwani yake sawasawa. "Haya, piga."

Sherehe ilifanyika Jumamosi alasiri kwenye bwalo la hospitali. Viti vya plastiki, meza ndefu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ambayo maua hayakuweza kuishinda. Mganga mkuu alihutubu. Wauguzi vijana walicheza mpaka kofia zikawaanguka. Sista alikaa mbele, amepungua, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Nilipomsalimia alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza, "Mwalimu, bado unapiga na mabega juu?" Akayashusha mabega yangu kwa viganja vyake, kama zamani.

Tulipofika kwenye wimbo wa kufungia, Shangazi alichukua kipaza sauti.

"Wimbo huu tuliutunga na mwenye sherehe," alisema. "Wengine walisema uko juu mno. Mimi nauimba palepale. Haujashuka hata hatua moja."

Watu wakashangilia. Nilitazama vibao.

"Njoo basi, Sista! Njoo tuimbe."

"Fundi, niache. Sauti yangu iliisha siku nyingi."

"Njoo bwana, usituringie! Umestaafu sindano, hujastaafu mdomo."

Ukumbi mzima ukacheka, wauguzi wakamsukuma, akaja. Alisimama upande wa pili wa kiti changu. Nikawa katikati yao kama zamani, na kioo mbele yetu sote watatu kikiwaka.

Ubeti wa kwanza Sista aliimba chinichini, kama mtu anayejaribu maji ya baridi kwa kidole cha mguu. Wa pili akaongeza. Sauti zile mbili zilivyokutana niligundua kuwa nilikuwa nimesahau. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikiisikia nusu ya wimbo na kuiita wimbo. Ubeti wa tatu ukaanza kupanda. Nilimwona Sista amefumba macho, amekaza shingo, kama walivyofumba wagonjwa wake waliongoja sindano. Likaja neno "rudi."

Akafika. Alifika bila kuhangaika, na nafasi ikabaki juu.

Alifumbua macho. Hakuonekana mwenye furaha, alionekana mtu aliyeweka mguu akitegemea ngazi akakuta sakafu. Akatazama maneno kwenye kioo, kisha macho yakapanda mpaka kwenye ile namba ya chungwa, yakatulia hapo. Alikuwa amesoma vipimo vya watu maisha yake yote. Aliimba mpaka mwisho bila kuiacha.

Shangazi alikuwa amelewa kwa furaha. "Mmemsikia?" alipaza. "Miaka kumi na mmoja ananinunia, kumbe sauti anayo! Alikuwa anadeka tu!"

Watu wakacheka, Sista akacheka nao, mkono umeziba mdomo.

Nilikuwa nakunja nyaya nyuma ya meza za chakula aliponijia na chupa ya soda ambayo hakuifungua.

"Mwalimu. Ile namba."

Ningeweza kusema ni ya mdundo. Uongo ulikuwa tayari, nilishautumia.

"Ni hatua, Sista. Wimbo umeshuka hatua nne."

"Kile cha zamani nacho kilikuwa na kitufe hicho?"

"Kilikuwa nacho."

"Siku ile?"

"Siku ile."

Akaigeuza chupa mkononi. "Mimi niliomba moja," alisema.

Nikaendelea kukunja waya uliokuwa umekwisha kukunjwa.

"Niliacha hata kuimba jikoni," akasema. "Binti yangu amekua akidhani mama yake ni mtu wa kimya." Kisha akauliza, "Fundi anajua?"

"Hajui."

"Basi mwache. Mtu humtangazii presha yake mbele ya watu."

"Sista, ningeweza kubonyeza. Ningeweza—"

"Ungeweza," alisema. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana bado nalisikia neno hilo. "Lakini alikuwa shangazi yako." Akanipiga bega, likashuka, akarudi kwa wageni wake.

Jumatatu alisafiri kwenda kukaa na binti yake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Nyumba ya hospitali ilimtaka atoke.

Alhamisi nilipotoka shule nikapita kwa Shangazi. Alikuwa anakishonea kinanda kipya kifuniko, kitambaa kizito cha buluu, pindo mara mbili. Wiki nzima hakuwa ameimba kwenye cherehani. Nilidhani amechoka.

"Kivishe tuone," alisema.

Nikakivisha. Kilikaa kama gauni la bibi arusi. Sehemu ya kioo alikuwa ameiacha wazi, ili nisilazimike kukivua kila mara. Lakini juu kulia palikuwa na kipande kidogo kilichoshonewa upande mmoja tu, kama kifuniko cha mfuko wa shati, kinachoinuka na kulala. Nikawasha. Kipande kile kiliangukia namba ya chungwa, kikaifunika yote. Alikuwa amepima.

"Mwanga wake unaniumiza macho," alisema.

Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na kuvua miwani.

"Jumamosi nilifurahi sana. Jumapili nikaamka nikaanza kufikiri. Sauti ya mtu wa miaka sitini haipandi, mwanangu. Nguo ikimkaa vizuri mtu aliyenenepa, kuna fundi ameipanua."

Nilibaki nimesimama.

"Nne?"

"Nne, Shangazi."

"Tangu lini ya kwanza?"

"Ulipougua kifua."

Akahesabu kimoyomoyo. Niliona midomo ikitembea. "Miezi minne," alisema. "Hata mwaka haukupita." Nje mtu aliuliza kama fundi yupo, hakujibiwa, akaenda zake. "Na yeye aliomba ngapi? Kumbukumbu zangu sizitegemei siku hizi."

"Moja."

"Moja tu." Akauinua uzi uliokuwa ukining'inia kwenye kifuniko, akaukata kwa meno. "Iweke pale alipoomba."

Nikainua kile kipande cha kitambaa ili aone. Nikabonyeza upande wa kupandisha mara tatu, akiifuata namba kwa macho: hasi tatu, hasi mbili, hasi moja.

"Piga."

Nikapiga. Kinanda kile kipya hakina kosa. Brashi zilikwaruza, gita likateleza, besi ikaingia vifuani mwetu. Kina kitufe cha sauti za watu pia, wanaume na wanawake wanaoimba "aa" bila kuchoka, lakini sikukigusa. Ubeti wa tatu ukapanda. Kwenye "rudi" Shangazi alifungua kinywa, akakifunga. Mdundo ukapita mbele yetu bila mtu ndani yake, mpaka ukafika mwisho wenyewe.

"Siku ile ningefika hapa?" aliuliza.

"Ungefika. Nyote wawili mngefika."

Akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya mteja akimwonyesha kitambaa kilichoungua pasi.

"Tumpigie simu, Shangazi? Namba yake ninayo."

"Tumwambie nini?"

Aliushika ule mfuniko mdogo wa kitambaa, akaulaza juu ya namba, akaupiga pasi kwa kidole gumba, mara mbili, kama anavyolaza pindo.

"Zima, mwanangu," alisema. "Kesho kuna mtu anakuja kuchukua gauni lake."